Mtumba wa dola milioni 48: nani alisoma masharti?

Ndugu msomaji, ukienda Karume au Manzese kununua suruali ya mtumba, hulipi kwanza ndipo ukague. Unaigeuza ndani nje, unavuta zipu, unatazama magotini na kwenye makalio ambako kitambaa huchakaa mapema, na mwenye meza akianza kukuharakisha kwa kelele zake unaiweka chini na kwenda meza ya pili. Hiyo ni suruali ya shilingi elfu chache. Sasa tujiulize: serikali inaponunua meli ya kivita ya mtumba, kwa mamilioni ya dola, nani anavuta zipu?

Swali hili hatukulitunga sisi. Lilikwisha kuulizwa India, nchi yenye wanamaji wengi, wahandisi wengi na wasomi wa kumwaga, na jibu lililotoka liliwafanya wakubwa wa huko watazame sakafu. Tunaliandika leo kwa sababu meli yenyewe imepita mara kadhaa katika bahari hii yetu, na kwa sababu wewe kijana unayeambiwa kila siku kwamba mambo ya ulinzi si ya kuongelewa kijiweni ndiye unayelipa kodi inayoyalipia. Unalipa kwenye sukari, unalipa kwenye vocha, unalipa kwenye nauli ya daladala. Basi una haki ya kusikia.

Meli hiyo ilijengwa Seattle, Marekani, ikaanza kazi katika jeshi la majini la nchi hiyo mwezi Machi 1971 kwa jina la USS Trenton. Tarehe 17 Januari 2007 ikakabidhiwa kwa India katika bandari ya Norfolk, jimbo la Virginia, ikiwa na umri wa miaka 35 na ushee. Tarehe 22 Juni mwaka huohuo ikaingizwa rasmi katika jeshi la majini la India na kupewa jina la INS Jalashwa. Jina hilo ni la "farasi wa majini", yaani kiboko. Wahindi hawakukosea kulichagua. Mnyama huyu ana urefu wa mita 173 na zaidi, sawa na viwanja viwili vya mpira ukiondoa theluthi ya kimoja. Uzito wake akijaza mzigo unapita tani 16,000. Anabeba askari karibu 1,000 pamoja na silaha zao, magari yao na chakula chao. Wakati anaingia India, meli moja tu ya kivita ilimzidi ukubwa huko, nayo ni INS Viraat iliyobeba ndege, ambayo nayo (msomaji utacheka) ilikuwa mtumba kutoka Uingereza.

Tueleze kidogo inavyofanya kazi, maana ni ufundi wa kuvutia. Meli ya kawaida ikifika mahali pasipo na gati inakwama, inabaki inaelea huko nje kama mgeni asiyefunguliwa mlango. Hii haihitaji gati. Nyuma ina lango kubwa, na ndani ya tumbo lake mna ukumbi mrefu ambamo boti bapa za kushushia askari hupangwa. Nahodha akitaka kushusha jeshi, anajaza maji ya bahari katika matangi maalumu, meli inazama upande wa nyuma kwa makusudi, lango linafunguliwa, maji yanaingia ukumbini, boti zinaelea humohumo tumboni na kutoka moja baada ya nyingine kuelekea ufukweni na vifaru au malori mgongoni. Kazi ikiisha, maji yanatolewa kwa pampu na meli inanyanyuka tena. Juu kuna uwanja wa helikopta. Kwa maneno mengine, ni bandari inayotembea. Ukiwa nayo unaweza kushusha vita mahali popote penye mchanga, au unaweza kushusha unga, maji na madaktari. Chombo ni kilekile. Tofauti ni amri iliyotolewa.

Hapo ndipo sisi wa pwani hii tunapoingia. Januari 1991, Mogadishu ilikuwa inawaka moto. Utawala wa Siad Barre ulikuwa unapumua pumzi za mwisho, waasi wamekwisha kuingia mjini, na ubalozi wa Marekani ulikuwa umezingirwa na majambazi wenye bunduki. Marekani wakati huo ilikuwa inajiandaa kupigana na Saddam Hussein, majeshi yake yote yamekusanyika Ghuba. Ikazitoa meli mbili kutoka pwani ya Oman, USS Guam na hii Trenton, zishuke kusini mbio. Alfajiri ya tarehe 5 Januari, meli zikiwa bado ziko maili 466 za baharini kutoka Mogadishu, helikopta mbili kubwa ziliruka kutoka Trenton zikiwa na askari 60, zikajazwa mafuta angani gizani kwa kutumia ndege nyingine, zikatua ndani ya ua wa ubalozi asubuhi. Kwa jumla waliokolewa watu 281 wa mataifa 30 hivi, wakiwamo mabalozi wa nchi kadhaa na Warusi 39. Operesheni ikiwa karibu kumalizika, akatokea ofisa mmoja wa polisi wa Kisomali, mkono mmoja ameshika bomu la kurusha na mwingine redio ya upepo, akidai helikopta zimeingia bila ruhusa na atazipiga. Balozi akamtuliza kwa dola elfu kadhaa taslimu na ufunguo wa gari lake. Hata katika operesheni kubwa kama ile, msomaji, kitu kidogo kilihitajika.

Waliookolewa waliteremshwa Muscat tarehe 11 Januari. Wasomali wa kawaida hawakuletewa helikopta. Wao walikimbia kwa miguu kuelekea mpakani, na wengine wakapanda majahazi na vyombo vibovu vilivyojaa kupita kiasi, wakafika Mombasa wakiwa hoi, wakawekwa katika kambi kama ile ya Utange. Wenye umri mkubwa pale Mombasa wanakumbuka. Tunalitaja hili ili ujue kwamba chombo tunachokiongelea si cha hadithi za mbali. Kilipita hapa, katika maji haya, kikachagua wa kumbeba. Chombo cha kivita huwabeba wale ambao mwenye chombo amesema wabebwe.

Miaka 15 baadaye, Julai 2006, Trenton ilitumwa tena kazi kama hiyo, safari hii kuwatoa Wamarekani Beirut wakati wa vita vya Israeli na Hizbullah. Hapo tayari ilikuwa kikongwe inayosubiri kustaafu. Miezi sita tu baada ya kutoka Lebanon ikawa mali ya India.

Kwa nini India waliitaka? Sababu yao ilikuwa na mashiko, na hatutaki kuwaonea. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami iliua maelfu ya watu India, hasa katika jimbo la Tamil Nadu na katika visiwa vya Andaman na Nicobar, ambako magati yalivunjika. Jeshi lao la majini lilifanya kazi kubwa, lakini lilijifunza jambo moja chungu: halikuwa na chombo cha kutosha kuvusha mizigo na watu wengi kwa wakati mmoja hadi mahali pasipo bandari. Bandari inayotembea ndiyo waliyoihitaji. Kujenga mpya kunachukua miaka. Marekani ilikuwa nayo moja inayotoka kazini, na serikali hizo mbili zilikuwa katika uchumba mpya, kwani Juni 2005 zilitiliana saini makubaliano ya ulinzi ya miaka 10. Trenton ikawa meli ya kwanza ya kivita ambayo India ilipata kuinunua kutoka Marekani. Kama ilivyo kwa uchumba wowote, zawadi ya kwanza huangaliwa kwa macho ya mapenzi.

Bei yake ilikuwa kiasi cha dola milioni 48, na helikopta sita za zamani zikaongezwa kwa kiasi cha dola milioni 39. Ukizitaja peke yake utadhani ni fedha za kuchezea. Meli mpya za aina hiyo ambazo Wamarekani wamezijenga kuchukua nafasi yake, zile za San Antonio, kila moja iligharimu zaidi ya dola bilioni moja. Kwa hiyo sisi hatusemi India walipigwa bei. Bei ya mtumba siku zote inavutia, ndiyo maana ni mtumba. Ukitaka kujua kama umeuziwa mbuzi kwenye gunia, usitazame bei, funua gunia.

Aliyefunua gunia ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa India, CAG wao, katika taarifa iliyowekwa mbele ya Bunge Machi 2008. Alisema mambo matatu mazito. Kwanza, meli ilinunuliwa kwa haraka bila hali yake kukaguliwa ipasavyo. Pili, Wamarekani wenyewe walikuwa wamekwisha kuona kwamba chombo hicho hakifai kuendelea kufanyiwa maboresho, ndiyo maana walikuwa wanakiondoa. Tatu, na hili ndilo lililowasha moto, mkataba ulikuwa na masharti: meli isitumike katika mashambulizi, na Marekani iwe na haki ya kuja kukagua na kuhesabu vitu ilivyouza.

Soma tena sharti hilo la tatu. Nchi huru, yenye watu zaidi ya bilioni moja, yenye bomu lake la nyuklia, inanunua meli ya kushushia jeshi la mashambulizi, halafu inatia saini kwamba haitashambulia nayo. Ni kununua mbwa wa ulinzi kwa sharti kwamba asimng'ate mwizi. Na yule aliyekuuzia anaweza kubisha hodi mlangoni kwako, afungue kabati, ahesabu sahani.

Tuwe wa haki. Marekani haikuwaonea Wahindi peke yao. Sheria ya Marekani ya kuuza silaha inamtaka kila mnunuzi akubali kufuatiliwa matumizi, ili silaha isije ikauzwa kwa mtu wa tatu. Muuzaji analinda maslahi yake, na hakuna ubaya katika hilo. Mfanyabiashara wa Kariakoo naye anafanya hivyohivyo. Kosa linaanza pale mnunuzi anapotia saini bila kuwaambia wenye fedha. Wananchi wa India waliona picha za bendera, bendi ya jeshi na mabaharia waliovaa nyeupe. Masharti waliyasoma kwenye taarifa ya mkaguzi, meli ikiwa imekwisha kulipiwa, imekwisha kubadilishwa jina, imekwisha kufika nyumbani. Mjadala ukawaka magazetini na bungeni, na ilibidi serikali hizo mbili zikae tena, hadi Julai 2009, alipofika New Delhi Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Hillary Clinton, ndipo wakatangaza utaratibu mmoja wa ukaguzi kwa mauzo yatakayofuata. Mkaguzi mmoja wa mahesabu, kwa kalamu tu, alilazimisha mambo ya gizani yaongelewe mchana.

Lakini wiki chache kabla ya taarifa hiyo kusomwa, kulitokea jambo jingine ambalo halihitaji CAG kulieleza. Mwanzoni mwa Februari 2008, Jalashwa ikiwa baharini katika Ghuba ya Bengal, gesi ya sumu ilivuja ndani ya meli. Walikufa mabaharia watano na ofisa mmoja, na wengine wakakimbizwa hospitali. Gesi yenyewe ni haidrojeni salfaidi, ile inayotoka katika maji machafu yaliyooza. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu anadhani harufu imeisha, kumbe ndiyo imezidi. Ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, inamsubiri anayeinama. Vijana wetu wanaozibua makaro wanaijua vizuri hata kama hawajui jina lake la kisayansi. Mmoja anashuka shimoni anaanguka, mwenzake anashuka kumwokoa anaanguka, wa tatu naye vivyo hivyo, na mtaa mzima unalia.

Hatudai kwamba ajali ile peke yake inathibitisha meli ilikuwa mbovu. Maji machafu yakiachwa yaoze ndani ya meli mpya kabisa yataua vilevile. Tunachosema ni kwamba wale sita hawakuwapo mezani wakati mkataba unatiwa saini. Hawakuulizwa kama chombo kimekaguliwa hadi kwenye mabomba ya chini. Waliambiwa pandeni, wakapanda, kwa sababu askari haulizi. Na kwa sababu askari haulizi, lazima awepo raia wa kuuliza kwa niaba yake. Wewe unaweza kuwa na kaka yako Kigamboni katika Kamandi ya Wanamaji. Yeye amefungwa mdomo na kiapo. Wewe hujafungwa na kitu.

Kuna watakaotuandikia kusema tunachukia jeshi. Ni propaganda ya siku nyingi na imechuja. Tena tutawasaidia hoja: kiboko huyu amefanya kazi nzuri. Mei 2020, wakati korona imefunga viwanja vya ndege, Jalashwa ilikwenda Maldivi na kuwarudisha nyumbani Wahindi 698, wakiwamo wanawake wajawazito, ikawateremsha Kochi. Machi 2021 ilifika kwa ndugu zetu wa Komoro, katika kisiwa cha Anjouan, kile ambacho wenyewe hukiita Nzwani, ikiwa na tani 1,000 za mchele, kisha ikaendelea hadi Madagaska na tani nyingine kama hizo. Mchele ule ulipikwa, watu walikula. Na Machi 2024 ilishiriki mazoezi ya pamoja katika pwani ya mashariki ya India, bega kwa bega na USS Somerset ya Marekani, moja ya zile mpya za zaidi ya dola bilioni moja. Mtumba na mrithi wake kwenye maji mamoja, na mtumba ukiwa na umri wa miaka 53.

Kwa hiyo meli ilifaa. Hapo ndipo mjinga anaposema: basi kelele zote za nini? Zilikuwa za kujua. Kitu kikitokea kuwa kizuri baada ya kukinunua gizani, hiyo ni bahati, na hazina ya taifa haiendeshwi kwa bahati nasibu. Wahindi haohao walipata funzo la upande wa pili. Mwaka 2004 walikubaliana na Urusi kuifanyia matengenezo meli kubwa ya kubeba ndege, Admiral Gorshkov, kwa dola milioni 974. Mara nyaya zimeoza, mara kazi imezidi makadirio, Warusi wakarudi kuomba nyongeza, na mwisho wa safari mnunuzi amelipa zaidi ya dola bilioni 2.3. Meli iliyotakiwa kufika 2008 ilikabidhiwa Novemba 2013. Ni yaleyale ya gari lililotembea la kutoka Japani: unalinunua kwa furaha, kisha unakuwa mfadhili wa mafundi wa Gerezani hadi watoto wao wanamaliza shule.

Sasa turudi nyumbani, maana moshi wa jirani huwa unatukumbusha jiko letu.

Sisi hapa tuna historia yetu ya chombo cha majini. Mwaka 2014 Serikali ilinunua kivuko cha MV Dar es Salaam kwa shilingi bilioni 7.9, kiwe kinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Wananchi waliahidiwa kupunguziwa foleni ya barabara. CAG wetu alipokipima akakuta kwamba mwendo wake haukufikia ule ulioandikwa katika mkataba. Kivuko kilisuasua, kikaacha kubeba abiria, na baadaye kikakabidhiwa kwa Jeshi. Yaani chombo kilichoshindwa kazi ya uraia kilivalishwa magwanda, na kikishavaa magwanda, maswali yanaambiwa yasimame geti. Hatujui njia rahisi kuliko hiyo ya kuzika hasara ya umma.

CAG wa India alipoandika kuhusu Jalashwa, walionuna walinuna, lakini taarifa ilikaa mezani, ikasomwa, ikajadiliwa, na serikali ikalazimika kujibu. Hapa kwetu, Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa sababu alikuwa amesema kwamba Bunge ni dhaifu. Wabunge waliokasirika kwa kuitwa dhaifu waliamua kumfungia mlango mtu ambaye Katiba, ibara ya 143, imemweka awakagulie mahesabu. Novemba mwaka huohuo akawekwa mtu mwingine katika kiti chake. Kijana, tafuta mwenyewe nani alikuwa amesema kweli.

Na usidhani jambo hili limepita. Aprili 2025 ilifika bandarini Dar es Salaam meli ya India iitwayo INS Kesari, nayo ni ya kushushia askari na vifaru, pamoja na meli nyingine iitwayo INS Chennai, kwa ajili ya mazoezi ya pamoja ya nchi za Afrika na India ambayo jeshi letu lilikuwa mwenyeji mwenza. Mazoezi ni mazuri. Maharamia na wauza unga baharini hawapigwi kwa hotuba. Lakini historia ya Jalashwa inatufundisha jinsi mambo yanavyokwenda: kwanza mazoezi, kisha urafiki, kisha makubaliano, kisha chombo kikuukuu ambacho rafiki anakiondoa kazini na anaona kingekufaa wewe. India ilikuwa upande wa mnunuzi mwaka 2007. Leo nayo imekuwa kubwa, inajenga meli zake yenyewe, na inatafuta wa kuwauzia. Uchina nayo iko hapa tangu zamani na vyombo vyake. Wote hao wanajua wanachokitaka katika bahari hii. Sisi tunakitaka nini, na nani ametuuliza?

Gazeti hili halidai siri za vita zianikwe Kariakoo. Hatutaki kujua bunduki ngapi ziko ghala gani. Tunadai mambo ya kawaida kabisa, ambayo hata muuza mitumba anayakubali. Chombo chochote kilichotumika, kikipendekezwa kununuliwa au kupokewa kama msaada, kikaguliwe na wahandisi wetu kikiwa bado kwa mwenyewe, juu ya maji na chini ya maji, hadi kwenye mabomba ya maji machafu. Masharti ya muuzaji yapelekwe katika kamati ya Bunge inayohusika na ulinzi kabla kalamu haijagusa karatasi, siyo baada ya bendi kupiga. Gharama za matengenezo ya miaka 10 zihesabiwe pamoja na bei, ziandikwe kwa shilingi, siyo kwa maneno. Na CAG aruhusiwe kukagua hadi mwisho, akimaliza asitishwe.

Utaratibu wa "hayo ni mambo ya usalama" umetugharimu vya kutosha. Usalama wa nani? Wale sita wa Jalashwa walikuwa wanausalama. Mbunge wako akija mtaani kwenu na fulana na kofia zake, usimwombe mpira na jezi. Mwulize kama amewahi kuomba kuona mkataba wa kivuko cha shilingi bilioni 7.9. Akisema hajui, mwulize anakaa kamati gani na analipwa posho ya kikao kiasi gani. Akisema ni siri, mwambie India waliyasoma masharti ya mkataba wao katika taarifa ya mkaguzi na meli yao bado inaelea.